Hollywood ikivaa kimono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tulimjua samurai kwa mkono wa Mmarekani kabla hatujamjua kwa mkono wa Mjapani. Ninja wangu wa kwanza nilimwona kwenye kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi la ubao, mkanda umechakaa hadi nyuso za watu zimekuwa kijani, na mtafsiri anawapachika wahusika maneno yake mwenyewe. Miaka ikapita ndipo nikajua kwamba mkanda ule, American Ninja wa mwaka 1985, steringi wake ni Mmarekani na msitu wake ni wa Ufilipino. Tangu nianze kuandika kuhusu sinema nimekuwa nikijibu maswali yaleyale, mmoja mmoja, kwenye simu na hata harusini. Leo nayajibu kwa mkupuo.

Ukisema sinema ina uhalisia, unapima nini?

Wengi hupima vitu: kimono ni hariri kweli, upanga ni wenyewe? Hayo yananunulika, na Hollywood fedha inazo. Kigumu ni tabia: mtu anaketije mbele ya mkubwa wake, anainama mpaka wapi, ananyamaza lini. Kigumu zaidi ni jicho, yaani hadithi inaonwa na nani, na Mjapani yumo ndani kama mtu au kama pambo la ukutani.

Siku hizi nina swali ninaloliuliza kabla ya mengine. Pale kwenye seti kuna Mjapani yeyote anayeweza kusema "simamisheni, hapo mmekosea", na kazi ikasimama? Mshauri wa kulipwa kwa siku anaweza kusema. Kusikilizwa ni habari nyingine.

Mimi sijui Kijapani wala sijafika huko. Nitajuaje kwamba wamekosea?

Tazama kifua. Kimono hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya upande wa kulia, kwa mwanamume na mwanamke sawa. Kinyume chake huvishwa maiti. Kwa hiyo mwigizaji akitokea na kola iliyogeuzwa, Mjapani aliyekaa pembeni yako anaona kitu kama bwana harusi aliyevishwa sanda, na wewe unaendelea kula bisi zako.

Kisha tazama bakuli la wali. Vijiti vikisimamishwa wima katikati ya wali, hapo kuna msiba, maana ndivyo marehemu anavyowekewa. Halafu kiuno: katana iliyochomekwa kwenye mkanda hukaa makali yakitazama juu. Ila ukiona makali yanatazama chini usikimbilie kucheka, kwa sababu upo upanga wa zamani zaidi, tachi, unaoning'inizwa namna hiyo.

Viatu sina haja ya kukufundisha. Mtu akiingia na viatu juu ya mkeka, aliyelelewa pwani atashtuka mwenyewe.

Ni kweli zamani Wazungu walikuwa wanaigiza Wajapani?

Kweli tupu, tena mastaa wakubwa. Mwaka 1956 Marlon Brando alipakwa rangi akawa mkalimani wa Okinawa katika The Teahouse of the August Moon. Mwaka uliofuata, katika Sayonara, mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, aliigizwa na Ricardo Montalban, mtu wa Mexico. Mwaka 1961 Mickey Rooney akabandikwa meno ya bandia ili awachekeshe watu kama jirani Mjapani katika Breakfast at Tiffany's. Nimejaribu kuitazama sehemu ile kwa moyo mweupe, imenishinda.

Kisingizio kilikuwa kwamba waigizaji wa Kijapani hawapo. Wapo wapi, na huku Sessue Hayakawa alikuwa staa wa sinema bubu tangu mwaka 1915? Na katika Sayonara hiyohiyo yumo Miyoshi Umeki, aliyetoka na Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Yaani sinema moja: huku Mexico imegeuzwa Japani kwa vipodozi, huku Mjapani halisi anabeba tuzo.

The Last Samurai ni historia ya kweli?

Mifupa ni ya kweli, nyama ni ya Hollywood.

Katsumoto, aliyeigizwa na Ken Watanabe katika sinema hiyo ya mwaka 2003, ametokana na Saigō Takamori wa Satsuma, kusini mwa Japani. Saigō hakuwa mzee wa kijijini aliyeichukia dunia mpya. Alikuwa mmoja wa viongozi walioung'oa utawala wa shogun, yaani mkuu wa jeshi aliyetawala kwa jina la mfalme, mwaka 1868 na kumrudishia mfalme mamlaka. Akaingia serikalini, wakakorofishana mwaka 1873, akarudi kwao. Mwaka 1876 serikali ikapiga marufuku kutembea na panga hadharani na ikaikata posho ya samurai, na mwaka 1877 vita vikalipuka.

Sasa hapa ndipo sinema ilipopinda. Inatuonyesha watu wanaoidharau bunduki, wamevaa deraya za karne tatu nyuma, wanaikimbilia mizinga kwa farasi. Watu wa Saigō walikuwa na bunduki na mizinga. Panga zilishika nafasi risasi zilipowaishia. Japani ilizijua bunduki tangu mwaka 1543, Wareno walipozifikisha kisiwa cha Tanegashima, nusu karne kabla Wareno haohao hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa. Samurai walizipokea kwa mikono miwili. Kumfanya samurai mtu asiyeshika bunduki ni sawa na kudai kwamba baharia wa jahazi la kweli haruhusiwi kutumia dira.

Na yule ofisa wa Tom Cruise? Aliye karibu naye zaidi ni Mfaransa, Jules Brunet, aliyefika mwaka 1867 kulifundisha jeshi la shogun kisha akakataa kuwaacha wanafunzi wake vita vilipowageukia. Alipigana nao hadi Hakodate, kaskazini kabisa, akatoroka kwa meli ya Kifaransa mwaka 1869. Vita vingine, miaka minane kabla ya Saigō, na upande uliokuwa ukipigana dhidi ya kina Saigō. Sinema ikawachanganya wote kwenye sufuria moja.

Ninja wanaovamia usiku, katika mwaka wa 1877, sitawajadili.

Pamoja na hayo, Japani ilijaza majumba ya sinema. Iliingiza fedha nyingi kule kuliko Marekani kwenyewe. Nadhani ni kwa sababu Watanabe na Hiroyuki Sanada walicheza kama watu, hawakucheza kama masanamu. Mtazame Sanada, yule Ujio mkali, anavyomchapa Cruise kwa upanga wa mti kwenye tope la mvua: hapigi kwa hasira, anapiga kama mtu anayefunga mlango. Jina hilo la Sanada liweke akilini.

Kwa hiyo samurai wa mwisho ni Tom Cruise?

Hapana, hata ndani ya sinema yenyewe. Neno samurai kwa Kijapani halibadiliki kwa umoja wala wingi. Jina linaweza kumhusu Katsumoto, au wote waliokufa naye.

Kwa nini Memoirs of a Geisha ilizua ugomvi mkubwa vile?

Kwa sababu iliwaudhi watu wa pande mbili kwa mpigo. Sinema hiyo ya mwaka 2005 inahusu geisha, wanawake watumbuizaji wa jadi wa Kijapani, na kati ya wanawake wake watatu wakuu hakuna Mjapani: Zhang Ziyi na Gong Li ni wa China, Michelle Yeoh ni wa Malaysia. Wajapani wakauliza, hamkumpata hata mmoja wa kwetu? Wachina, ambao kumbukumbu ya jeshi la Japani katika nchi yao bado ni kidonda, wakawashambulia mastaa wao kwa kuvaa kimono, na mwaka 2006 sinema ikazuiwa kuonyeshwa China. Na ndani ya sinema wahusika wote wanaongea Kiingereza chenye lafudhi, kana kwamba lafudhi ndiyo Japani.

Kwangu mimi shida iko kwenye dakika chache za ngoma. Jukwaa ni giza, theluji ya bandia inadondoka, Sayuri, mhusika mkuu, yuko juu ya viatu vyenye soli ndefu ajabu, nywele zimeachiwa, anajirusha na kujipinda kama aliyepandwa na pepo. Inapendeza macho, sikatai. Ila ngoma ya geisha wa Kyoto ni kinyume cha hayo. Unyayo unateleza sakafuni bila kunyanyuka, upepeo unageuka kwa kifundo cha mkono tu, shingo inakwenda pembeni upana wa kidole kimoja. Ukipiga chafya umeikosa.

Na mshauri alikuwepo, tena si wa kubahatisha: Liza Dalby, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi na geisha wa Pontochō mjini Kyoto katika miaka ya 1970 akijifunza kazi yao. Ngoma ile ikapita vilevile. Unaona nilikuwa nasema nini kuhusu washauri? Sinema ikachukua Oscar tatu, za upigaji picha, mandhari na maleba. Za vitu.

Kitabu chake si kilitokana na geisha halisi?

Mineko Iwasaki, aliyekuwa geisha maarufu wa Gion, mtaa wa geisha mjini Kyoto, alizungumza na mwandishi wa riwaya ile ya mwaka 1997. Anasema waliahidiana kwamba jina lake halitatajwa, kisha akalikuta kwenye shukrani. Kilichomuuma zaidi ni sehemu ya bikira kupigwa mnada, jambo alilosema halikumpata wala halikuwa desturi ya mtaa wao. Alishitaki mwaka 2001, wakapatana nje ya mahakama mwaka 2003, na katikati ya hapo akatoa kitabu cha maisha yake kwa kauli yake mwenyewe.

Geisha ni kahaba?

Hapana. Gei ni sanaa, sha ni mtu. Kyoto wenyewe husema geiko, na mwanafunzi wake ni maiko.

The Karate Kid je? Ile ilitulea.

Ilitulea kweli; nani hakusimama kwa mguu mmoja uani akiigiza korongo? Teke lile kama fundisho la karate usilibebe, utavunjika. Hata kupaka nta magari ili ujifunze kuzuia ngumi ni ufundi wa mwandishi.

Lakini sinema hiyo ya mwaka 1984 inanipa shida kuiweka kwenye kapu la waongo. Pat Morita alizaliwa California, Kiingereza chake kilikuwa cha Kimarekani kabisa. Ile lafudhi ya Miyagi, mwalimu wa karate, aliiigiza. Na utoto wake aliuonja ndani ya kambi, alipofungiwa pamoja na familia yake wakati wa Vita vya Pili, kama watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliokuwa Marekani.

Sasa kumbuka usiku ule Daniel, mwanafunzi wake, anamkuta Miyagi amelewa. Amevaa sare ya zamani ya jeshi, anampigia saluti mtu asiyeonekana. Kijana anaokota karatasi, anaisoma polepole: mkewe alifariki kambini Manzanar akijifungua, na mtoto pia, huku yeye yuko Ulaya anaipigania Marekani hiyohiyo. Daniel anamfunika, anaona nishani kwenye kisanduku, anatoka kimya. Wakubwa wa studio walitaka sehemu hiyo ikatwe kwa kuwa inapunguza mwendo. Mwongozaji, John Avildsen, akagoma. Morita akateuliwa kuwania Oscar.

Karate ni ya kubuni na lafudhi ni ya kubuni, ila msiba ule ni wa kweli, na mtu aliyeubeba aliujua.

Wajapani wenyewe wanalalamika, au ni kelele za Wamarekani?

Mara nyingi wanaopaza sauti ni Wamarekani wenye asili ya Asia, na wana haki yao. Scarlett Johansson alipopewa nafasi ya Meja katika Ghost in the Shell ya mwaka 2017, kelele zilikuwa nyingi Marekani. Mamoru Oshii, aliyeongoza katuni ya mwaka 1995, yeye hakuona kosa, kwa hoja kwamba mwili wa Meja ni wa kutengenezwa. Kisha sinema yenyewe ikajichongea: inafichua kwamba ndani ya mwili ule wa Kizungu mna ubongo wa binti wa Kijapani, Motoko.

Tofauti ni rahisi. Mtu wa Osaka akiwasha televisheni anajiona asubuhi hadi usiku. Hollywood ikimkosea, anacheka, anabadilisha chaneli. Mwigizaji wa Los Angeles mwenye sura ya Kijapani hana chaneli nyingine, ile nafasi moja ikienda kwa Johansson ndiyo imekwenda. Mbona nasi tunajua? Mtoto wa Temeke akisikia "hakuna matata" ya The Lion King anatabasamu, maana yeye husema "hamna noma" na maisha yanaendelea. Muulize anayeishi ng'ambo, ambaye kila akitaja anakotoka anaimbiwa huo wimbo.

Mbona samurai wanaongea Kiingereza?

Kwa sababu kwa muda mrefu Hollywood iliamini Mmarekani hasomi maandishi chini ya skrini. Clint Eastwood aliivunja imani hiyo mwaka 2006 kwa Letters from Iwo Jima, karibu yote kwa Kijapani, ikateuliwa kuwania Oscar ya sinema bora. Katika Silence ya Martin Scorsese, mwaka 2016, Wajapani wanaongea Kijapani na Kiingereza, na mapadri wa Kireno wanaongea Kiingereza tupu. Nimeisamehe, kwa sababu ya mwigizaji Issey Ogata. Amekaa na upepeo wake, sauti nyembamba, tabasamu la babu, na anawatesa watu kwa upole wa mtu anayekukaribisha chai.

Sofia Coppola alifanya utundu mwaka 2003 katika Lost in Translation. Mwongozaji wa tangazo la wiski anamwaga Kijapani dakika nzima, mikono hewani, roho juu. Mkalimani anageuka na kusema, kwa ufupi, kwamba anataka ageuke aitazame kamera. Bill Murray anauliza, ni hayo tu? Na hakuna tafsiri kwenye skrini, nawe umeachwa gizani pamoja naye. Aliyewahi kukalimani mkutano wa wafadhili kijijini anaijua hali hiyo. Vichekesho vingine vya sinema hiyo, vya ufupi wa watu na herufi r na l, vimechuja.

Watu wanasema Shōgun ya 2024 imepatia. Imepatiaje?

Si sinema, ni tamthilia, lakini ukiiacha nje huelewi lolote. Hadithi ileile ilishafanywa mwaka 1980, Richard Chamberlain akiwa baharia Mwingereza, na Kijapani kikiachwa bila tafsiri kwa sehemu kubwa: tunajua anachojua Mzungu tu. Ya mwaka 2024 sehemu kubwa ni Kijapani chenye tafsiri, na ghafla asiyeelewa kinachoendelea chumbani ni Mzungu.

Kazi ya lugha ilivyofanyika ndiyo inayonifurahisha. Muswada uliandikwa Kiingereza, ukapelekwa Tokyo ukatafsiriwa, kisha mwandishi wa tamthilia za kihistoria akaupiga msasa uwe Kijapani cha enzi zile chenye ladha mdomoni, na mwisho maandishi ya Kiingereza yakaandaliwa upya kutoka kwenye hicho Kijapani. Tazama pia wanawake wa ikulu wanavyoketi, goti moja juu, kama ilivyokuwa kabla ile staili ya magoti mawili chini haijawa ya wote. Hakuna mtazamaji wa Texas ambaye angelalamika wakikosea hapo.

Mtayarishaji mmojawapo ni Sanada, yule Ujio. Alikwisha kuwa kwenye The Last Samurai, 47 Ronin, The Wolverine na Bullet Train, na amesimulia jinsi miaka hiyo alivyokuwa akitoa ushauri akiwa mwigizaji tu, akijua mipaka yake. Safari hii aliita mafundi wa wigi, maleba na mwenendo kutoka Japani, na akisema rudieni, inarudiwa. Wakaondoka na tuzo 18 za Emmy, zile za televisheni, kwa msimu mmoja, rekodi. Na yote ilipigwa Kanada.

Kanada? Hilo halikusumbui?

Hata kidogo. Milima ya The Last Samurai mingi ni ya New Zealand, kwa kuwa mlima Taranaki unafanana na Fuji. Silence ni Taiwan. Udongo hauna lafudhi.

47 Ronin ya Keanu Reeves inafaa kumfundishia mtoto kisa chenyewe?

Usifanye hivyo. Mwaka 1701 bwana Asano alichomoa upanga ndani ya kasri la Edo, Tokyo ya leo, akamjeruhi ofisa Kira, akaamriwa kujiua siku ileile. Watumishi wake, sasa ronin, yaani samurai wasio na bwana, wakajifanya wamesahau, kiongozi wao Ōishi akijionyesha mlevi, hadi walipoivamia nyumba ya Kira usiku wa baridi karibu miaka miwili baadaye na kumuua. Nao wakaamriwa kujiua. Makaburi yako hekalu la Sengakuji, Tokyo, na mpaka leo watu wanawachomea ubani. Kisa ambacho nguvu yake yote ni subira, Hollywood mwaka 2013 ilikiongezea mchawi na joka.

Ni kweli kulikuwa na samurai Mwafrika?

Alikuwepo Mwafrika aliyemtumikia Oda Nobunaga, mbabe wa Japani wa wakati ule. Wajapani walimwita Yasuke. Alifika Japani mwaka 1579 na padri Alessandro Valignano, akakutana na Nobunaga mwaka 1581, na maandishi ya Kijesuti ya karne iliyofuata yanamtaja kuwa wa Msumbiji. Nobunaga hakuamini rangi ile, akaamuru avuliwe hadi kiunoni asuguliwe. Haikutoka. Mjapani mmoja aliandika katika shajara yake kimo cha mgeni, kama sentimita 188. Alipewa nyumba, upanga mfupi na posho. Kama hayo yanatosha kumwita samurai, wanahistoria bado wanavutana. Nobunaga alipokufa mwaka 1582, Yasuke alikamatwa akarudishwa kwa mapadri, na baada ya hapo hatumwoni tena.

Na sinema yake itatoka lini?

Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Chadwick Boseman angemwigiza. Boseman akafariki Agosti 2020. Ikitengenezwa, mimi nitaingia na sikio kwanza. Mapadri waliandika kwamba Yasuke alikuwa anakijua Kijapani kidogo, na Nobunaga hakuchoka kuongea naye. Nataka kusikia wakiongea hicho Kijapani cha kuungaunga, na Yasuke akiwa peke yake usiku, waandishi watampa lugha gani.